Hatua Mia Mbili na Kumi na Mbili

Daraja letu lina hatua mia mbili na kumi na mbili.
Nilizihesabu nikiwa na miaka saba,
mama kanishika mkono, twaenda kununua mkate
kwa Wendelin, jimbo la pili.
Hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi.
Mpaka ulikuwa msumari wa shaba katikati ya ukingo.
Tuliugusa kwa bahati njema, tukapita.

Februari hii msumari umeota miba.

Ng'ambo, Gerlinde amechanjwa. Mara mbili.
Huku, mama hajachanjwa hata mara moja.
Wana miaka themanini na minne wote wawili,
walizaliwa wiki moja, wakabatizwa kwa maji ya mto huuhuu,
wakavuta vumbi la kiwanda kimoja cha nguo
na kikohozi chao kinafanana mpaka leo.
Kinachowatenga ni maji,
na juu ya maji bata wanapita, hawaulizwi anwani.

Kila asubuhi saa mbili kamili napiga ile namba.
Kinanda kinalia sikioni, muziki uleule,
hata paka ameshaujua, ukianza tu anatoka chumbani.
Dakika arobaini. Kisha sauti ya mwanamke asiye na mwili:
nafasi zote zimejaa, tafadhali jaribu tena.
Tafadhali.
Neno laini, kama pamba wanayokusugulia begani
kabla ya sindano.
Sisi tumepewa pamba tu.

Jioni televisheni inaonyesha ramani.
Ng'ambo ni kijani cha chupa,
kwetu ni kijani cha supu iliyotiwa maji.
Mheshimiwa wa afya anasema jimbo letu ni pana,
anasema majokofu, anasema fomu zimerekebishwa,
anatuomba subira.
Subira huvuta heri, sawa.
Lakini kamba hiyo ni ndefu, bwana,
na wanaoivuta wana miaka themanini na minne.

Kwenye foleni ya mkate tunasimama mita mbili mbili.
Ottmar, fundi bomba, anasema shemeji yake wa ng'ambo,
muuza baiskeli, mtu wa miaka arobaini, mzima kama chuma,
aliitwa jioni akachanjwe
maana dozi zilibaki, zingemwagwa.
"Zingemwagwa," anarudia.
Hakuna anayemjibu.
Nyuma yangu mtu anasema basi tuuhamishe mto.
Tunacheka. Halafu hatucheki.

Nilichosahau kusema: Gerlinde hakumwambia mama.
Jumatano tatu walikutana katikati ya daraja,
kila mmoja na kiti chake cha kukunja,
kila mmoja ndani ya jimbo lake,
karata juu ya kreti la bia, theluji imefagiliwa kando.
Na Jumatano zote tatu alikaa na siri ile chini ya koti la sufu
kama mwizi aliyeiba kilicho chake.
Mama aliipata kwa mtoto wa Wendelin,
pamoja na chenji.

Jana alipanga karata mkononi, akazitazama, hakucheza.
"Mkono upi?"
Gerlinde akainamisha uso. "Wa kushoto."
"Uliuma?"
"Kidogo. Usiku."
Nilikuwa nimeshika chupa ya chai, nikasubiri ugomvi.
Nilikuwa na ugomvi wangu tayari, nimeubeba tangu saa mbili,
ningempa yeyote atakayeuomba.
Mama akanyoosha mkono juu ya msumari wa shaba,
akambonyeza begani kwa kidole kimoja, polepole,
kama mtu anayepima mkate kama umeiva.
"Haya cheza," akasema.
"Zamu yako ilishafika."

Leo saa mbili kamili.
Kinanda kinaanza.
Paka anatoka chumbani.